Maneno ya Mlango wa Bwalo

Mpaka leo siwezi kusimama mwisho wa foleni ya chakula. Harusini, kwenye semina, kwenye mahafali ya watoto wa wenzangu, mshereheshaji hajamaliza kutangaza utaratibu wa kwenda mezani, mimi nimeshasimama na sahani mkononi. Najua ninavyosemwa. Mwalimu mmoja niliyefundisha naye aliwahi kuniambia mbele za watu, "Felista, wewe unavyokimbilia sufuria, mtu atadhani nyumbani kwako moto hauwaki," watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Si njaa. Nikiwa nyuma, nikasikia walio mbele wanazungumza, viganja vinaanza kutoka jasho na masikio yananasa kila neno linalotamkwa, na kila neno likitamkwa nahisi limeondoka na mtu. Mtu mzima nimestaafu, nina wajukuu, nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, halafu naogopa kwamba maneno yataisha kabla sijafika kwenye chakula. Jambo hili sikumweleza hata mume wangu. Naliandika sasa kwa sababu Mjomba Leonsi amefariki, na yeye ndiye alikuwa shahidi wangu.

Simu iliingia nikiwa jikoni kwangu Mzumbe nachambua mchicha. Binamu yangu hakuzunguka: "Dada, mzee ametutoka alfajiri." Nikamaliza kuchambua mchicha wote, nikauosha, nikaukata, ndipo nikakaa chini nikalia. Kwetu Waluguru mjomba si mgeni wa sikukuu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayesimama kwa ajili yake shuleni, kwenye posa, na kwenye kesi zikitokea. Mjomba Leonsi alikuwa mfupi, mbishi, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa kanisani na safarini, na alikuwa na majivuno ya kutotaka kusaidiwa kitu ambacho hajakiomba. Ukimpokea mzigo bila yeye kukuambia, anaunyang'anya. Nikiwa njiani kupanda Mgeta kwenda kumzika, kutoka Mlali gari linaanza kukwea na hewa inabadilika, nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu. Mwaka wangu wa kidato cha kwanza.

Shule ilikuwa Morogoro mjini, chini kabisa ya milima, ya bweni, ya wasichana. Jina lake halina haja hapa. Kitu ninachokikumbuka zaidi si darasa wala bweni, ni bwalo. Lilikuwa jengo refu la mabati, kuta zake zimepakwa chokaa hadi usawa wa bega na kutoka hapo juu moshi ulikuwa umejipakia rangi yake wenyewe. Meza za mbao zilikuwa zimeliwa na chumvi na maji ya vyombo mpaka zikawa na mabonde, na kila mmoja wetu alilijua bonde lake na namna ya kuweka sahani isicheze. Bwalo lilinukia maharage, sabuni ya mche na mvuke wa ugali. Kulikuwa na mlango mmoja wa kuingilia, wa kijani, na juu yake Mwalimu Ndosi wa Kiingereza alikuwa ametengenezewa na fundi kipande cha ubao mweusi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda mstarini, alikuja mwenyewe na chaki akaandika herufi mbili za Kiingereza. Herufi hizo ndizo zilikuwa tiketi yetu ya chakula cha mchana.

Utaratibu ulikuwa hivi. Ukifika mlangoni, kiranja wa bwalo anakuuliza. Unataja neno la Kiingereza linaloanza na herufi za siku hiyo, unaeleza maana yake kwa Kiswahili, unapita. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya mchana ambapo Kiswahili kiliruhusiwa, kwa hiyo wengine waliieleza maana kwa kirefu ili wakifaidi. Lakini neno likishatajwa limekufa. Hakuna mwingine wa kulirudia siku ile. Siku ya KN, wa kwanza anasema "knife", kisu, anaingia. Wa pili "knee", goti. Wa tatu "know", kujua. Wanafuata "knock", kubisha hodi, na "knot", fundo, na sisi wa nyuma tunabaki tunatazamana, maana Kiingereza chenyewe kina KN ngapi? Aliyekwama alirudi mwisho wa foleni akafikirie upya. Kengele ya kumaliza chakula ikimkuta nje, basi, anasubiri ugali wa jioni. Jioni mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu, na ndiyo maana hakuna aliyekufa.

Mwalimu Ndosi hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi ingawa nimejaribu miaka mingi kumfanya awe mbaya, ingenipunguzia kazi. Alikuwa mwembamba, mashati yake yamepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, na alitupenda kwa namna ya watu wanaoamini kwamba maisha yatakuja kututandika kwa hiyo bora wao watangulie. Sisi tulitoka shule za msingi ambako tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, hesabu, sayansi, jiografia, halafu siku moja tunavuka geti moja tunaambiwa kuanzia sasa mbuzi, mto na ukweli wote una majina mengine. Alijua tungefeli. Akaona njia ya haraka ni tumbo. "Mtu hasahau neno lililomlisha," alikuwa anatuambia, na kwa upande wangu alisema kweli tupu, maana mimi sijasahau.

Rafiki yangu alikuwa Rehema. Alitoka Dumila, pale njia panda, ambako tangu mdogo alizoea kukimbilia madirisha ya mabasi na sinia la mahindi ya kuchoma akiita abiria asiowajua. Haya hakuwa nayo kabisa. Alikusanya maneno kwenye makopo ya maziwa, kwenye viberiti, kwenye magunia ya mbolea, na foleni ikianza kujipanga alikuwa ananipenyezea moja sikioni: "Shika hili. Usiliachie." Nami nilikuwa nalishika. Nalirudia moyoni hatua kwa hatua, na maana yake, na nikifika mlangoni, kiranja akinitazama, kinywa kinakauka na neno linayeyuka kama halijawahi kuwapo. Nilibaki natoa macho. Nyuma yangu wananisukuma, wengine wananicheka, harufu ya maharage inanijia usoni kupitia mlango wazi, na mimi nimesimama pale bila lugha yoyote. Kiswahili kimekatazwa, Kiingereza sinacho. Siku ya SH neno pekee lililokuja ni "shame". Nilieleza maana yake kwa sauti ndogo, aibu, nikapita, na mezani sikuweza kuinua uso.

Niliwahi kuwasikia dada wa kidato cha tatu wakifua bombani, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta na ndoo yangu. "Yule wa milimani," mmoja alisema, "yule wa Mgeta. Amelishwa viazi mpaka ulimi umekuwa kiazi." Mwenzake akasema, "Mwache mtoto wa watu," lakini naye alikuwa anacheka. Nilisubiri wamalize, waondoke, ndipo nikachota maji. Tangu siku hiyo nilianza kujiweka mwisho wa foleni mwenyewe, ili nikikwama wasiwepo wengi wa kuniona. Ni ujinga mtupu, kwa sababu mwisho ndipo maneno yanapokuwa yamekwisha. Lakini mtu mwenye aibu hapigi hesabu ya tumbo, anapiga hesabu ya macho ya watu. Nilikonda. Sketi niliyoshonewa kwa kipimo nikawa naifunga kwa pini.

Likizo ya Juni nilipofika nyumbani, mama alinishika mkono juu ya kiwiko, akauachia. Niliulizwa, nikasema ni kazi za mikono, ni mbio za asubuhi, ni malaria. Nilitaja kila kitu isipokuwa mlango. Ningeanzaje kusema kwamba wenzangu wote wanakula na mimi sili kwa sababu sijui kutaja neno? Jioni moja nikiwa nyuma ya jiko namenya viazi niliwasikia wakubwa wa ukoo wakizungumza sebuleni, ukuta wenyewe ni wa fito na udongo, unapitisha hata pumzi. "Shule gani hiyo inarudisha mifupa?" alisema mjomba mkubwa. "Arudi. Mashamba yapo." Mwingine akaitikia. Kisha nikasikia sauti ya Mjomba Leonsi, ile ya kubisha: "Haamuliwi mtu kwa kutazamwa mkono. Nitashuka mwenyewe siku ya wazazi. Nikimkuta anakula, anabaki. Nikimkuta hali, narudi naye siku hiyohiyo, na sitaki maneno." Hakuna aliyempinga. Mimi pale nyuma niliendelea kumenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama gololi. Nilikuwa naitaka ile shule. Sijui niliitakia nini, kwa jinsi ilivyokuwa inanitenda, lakini niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na sasa kubaki kwangu kulikuwa kumetundikwa kwenye mlango ule ule.

Siku ya wazazi ilikuja na jua kali. Walikuja makarani wa kiwanda cha sukari na wake zao, watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa sokoni, na katikati yao akaja Mjomba Leonsi amevaa koti lake la kahawia, kikapu begani, vumbi la lori la mboga limemfunika hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshuka kwa miguu hadi Mlali ndipo akapata lori. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Mnakula saa ngapi?" Hakuuliza masomo, hakuuliza walimu. Alikataa nimpokee kikapu. Rehema alikuwa ameshanipa neno langu tangu alfajiri, kwa sababu alijua siku ile ni siku gani, na ubao ulikuwa na QU. "Quench," aliniambia, "kukata kiu. Hakuna atakayelikumbuka, wote watakimbilia malkia. Litakusubiri hata ukiwa wa mwisho." Nililitafuna asubuhi nzima. Niliimba nalo misa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike shuleni pale nilikuwa na hakika kwamba neno halitanitoroka.

Mwalimu Ndosi alisimama mlangoni akawaeleza wazazi utaratibu wake, na alivyokuwa na furaha ungedhani anamwoza binti yake. Akasema leo wageni nao watajaribu, wapange foleni pamoja na watoto wao, ni burudani tu. Wale makarani wakafurahi sana. "Queen!" alisema mmoja kwa sauti ya redioni, watu wakapiga makofi. Yakaondoka "quick", upesi, na "question", swali, na "quarrel", ugomvi, na mama mmoja mwenye mkoba alisema "quiet", kimya, akaweka kidole mdomoni kuonyesha. Waliokwama waliambiwa, "Karibu tu mzazi, ingia," wakaingia wakicheka. Mimi na mjomba tulikuwa karibu na mwisho, maana alikuwa amesimama kwanza kunawa uso na kukung'uta koti. Tulipofika, kiranja alimtazama miguu, akamwambia kwa upole kabisa, "Wewe mzee pita tu. Ni mchezo."

Mjomba hakupita. "Huyu hutaja?" aliuliza, akinionyesha mimi.

"Huyu ni mwanafunzi. Ni lazima ataje."

"Basi na mimi nitataja. Siingii nyumba ya watu kwa kuhurumiwa." Akanigeukia. "Nipe moja, mwanangu. Na maana yake."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nyuma yetu wapo waliokuwa wanacheka chinichini, mbele Mwalimu Ndosi anasubiri anatabasamu, na mjomba wangu amesimama kwenye mlango ule akiwa amesadiki kwamba ni desturi ya nyumba na yeye ni mgeni wa kuiheshimu. Nilitafuta kichwani neno jingine la kumpa. Halikuwapo. Lilikuwapo moja tu, nami nikainama nikamwambia sikioni, "Quench. Kukata kiu." Akajinyoosha, akavuta koti, akasema kwa sauti ya mtu anayejibu padri: "Kwenchi! Maana yake kukata kiu!" Bwalo lote lililipuka kwa kicheko. Wengine walipiga meza. Walimcheka wakimpenda, naamini hivyo sasa, na Mwalimu Ndosi mwenyewe alipiga makofi mpaka chaki ikamtoka mikononi kama vumbi. Mjomba akainamisha kichwa kushukuru, akaingia, akakaa, akaniwekea nafasi pembeni yake kwa kiganja chake.

"Haya, Felista," alisema kiranja.

Nilijua kabla hajauliza. Rehema alikuwa ndani tayari, amesimama nusu anatikisa midomo kunipa kitu ambacho sikukielewa. Nilisema "quick". Limekwisha. Nilisema "question". Limekwisha. Nilimtazama Mwalimu Ndosi, na nadhani kwa kitambo kidogo alitaka kuniachia, lakini alikuwa na wageni wa kuwaonyesha kwamba njia yake inafanya kazi, akasema kwa Kiingereza, polepole ili wazazi wasikie, nirudi nyuma nikafikiri. Nikarudi nyuma. Kulikuwa na dirisha la wavu, na kupitia pale nilimwona mjomba akitazama mlango, kisha sahani yake ya wali na nyama, maana siku ya wazazi ilikuwa siku ya nyama, kisha mlango tena. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya benchi mahali pangu. Aliambiwa ale, akatikisa kichwa. Kengele ikalia. Alinyanyuka akatoka, na sahani yake ikabaki pale imejaa vilevile, na kila mtu akaiona.

Nikifikiria aibu, huwa sioni kicheko kile. Naona ile sahani. Nilikuwa nimetamani afe kidogo, kwa namna mtoto anavyotamani, au nife mimi, na wakati huohuo nilikuwa namwonea uchungu. Alinikamata mkono, si kwa hasira, tukaenda hadi nyuma ya bweni kwenye mawe ya kijito, mahali tulipokuwa tunaanika nguo. Akakaa.

"Lile neno lilikuwa lako," alisema.

"Ndiyo mjomba."

"Na hukuwa na jingine."

"Sikuwa nalo."

"Kumbe ndivyo unavyokonda."

Nikalia. Nilimwambia kila kitu, KN na SH na dada wa bombani na ulimi wa kiazi, nikamwambia asinirudishe, nitajifunza, nitashika yote. Nilikuwa najua alichoapa sebuleni na nilijua hakuwa mtu wa kurudisha neno. Alifungua kikapu akatoa viazi vya kuchemsha ambavyo mama alivifunga kwenye majani ya mgomba, na ndizi, na matunda damu machache, yale mekundu ya milimani, yaliyokuwa yamepondeka njiani, akavipanga juu ya jiwe kama anayeandaa meza. "Kula," alisema. Nikala huku makamasi yananishuka. Yeye hakugusa hata kimoja ingawa tangu usiku alikuwa njiani. Alinitazama mpaka nilipomaliza kiazi cha mwisho na kulamba chumvi kwenye vidole. Ndipo akasimama, akafunga kikapu, akavuta koti.

"Nilisema nikikukuta unakula, unabaki," alisema. "Nimekukuta unakula."

Akaondoka. Mama alinisimulia Desemba kwamba alifika nyumbani kesho yake, wakubwa wa ukoo wakamwuliza, naye akasema maneno hayohayo mawili matatu, nimemkuta anakula, akaomba maji ya kuoga. Walipotaka kujua zaidi aliwaambia kama wana shaka washuke wenyewe. Mjomba Leonsi hakudanganya hata kidogo. Lakini mimi nilijua ukweli ule alivyoukata kwa ukubwa wa kunitosha, na kwa miezi iliyobaki niliyameza maneno kwa hofu, si kwa kupenda. Nilisoma kamusi ya maktaba chooni, nilisoma nikitembea. Hadi kufunga mwaka nilikuwa na QU ambazo Mwalimu Ndosi mwenyewe alilazimika kwenda kuzitazama. Alijivunia mimi. Alinitolea mfano mstarini, na kila alipofanya hivyo nilitazama viatu vyangu.

Ningependa kusema kwamba aibu iliishia pale. Haikuisha, kwa sababu mjomba hakuliachia lile neno. Nilipomaliza chuo nikarudi Mgeta kusalimia, nilimkuta mlangoni kwake na kikombe cha togwa mkononi. Njia ya kufika kwake ni mlima mtupu, mgeni hufika ulimi nje. Mjomba anamzuia mlangoni, anainua kikombe, anasema, "Kwenchi!" Naye mgeni hapewi mpaka aitikie, "Kwenchi!" Alimfanyia hivyo paroko. Alimfanyia bwana shamba, na wakunga, na wachumba wa mabinti zake. Watoto waliozaliwa kijiji kile baadaye wanaamini kabisa kwamba hilo ni neno la Kiluguru cha zamani. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Siku niliyompeleka mchumba wangu, na baadaye siku nilizowapeleka walimu wenzangu kutembea milimani, nilikuwa naomba tangu Mlali kwamba awe shambani. Hakuwa shambani hata mara moja. Niliona anajidhihaki, au ananikumbusha, kwamba wewe na digrii yako, mimi nakujua ulipokuwa hujui. Mara moja nilimrekebisha mbele ya wageni, nikamwambia linavyotamkwa hasa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa makini. "Hilo lako," akasema. "Hili langu." Akampa mgeni kikombe.

Basi tulimzika Jumamosi, na mvua nyepesi ile ya juu, isiyolowesha wala kukatika. Rehema alikuja kutoka Dumila, mnene sasa, ana ushungi mweusi na kicheko kilekile alichokibana kwa heshima ya msiba. Tulipotoka kaburini chakula kilikuwa tayari chini ya turubai, masufuria matatu ya wali na maharage na kabichi, na wasichana wa jirani wameshika miiko. Wageni hula kwanza na wafiwa mwisho, ndivyo ilivyo, na mimi ni mfiwa. Kwa hiyo nilisimama mahali ambapo sijasimama tangu utoto wangu, mwisho kabisa wa foleni, na Rehema nyuma yangu kwa sababu alikataa kula kabla yangu. Foleni ilishuka mteremko mpaka karibu na zizi la mbuzi. Mbele kabisa, mzee mmoja wa kwaya alifika kwenye sufuria, akainua sahani, akasema, "Kwenchi." Msichana akampakulia.

Nilidhani ni yeye peke yake. Aliyefuata naye akasema. Na aliyefuata. Wanawake wa jumuiya, vijana wa bodaboda waliobeba jeneza, paroko, hakuna aliyewaagiza, walikuwa wanafanya walivyozoea kufanya kwenye nyumba ile kila walipopewa kitu. Kwenchi, sahani inajaa. Kwenchi, sahani inajaa. Na mimi mkongwe mzima nilianza kutoka jasho viganjani. Mwili wangu haukujua kwamba ni msiba, ulijua foleni, na ulisikia neno langu, lile moja nililokuwa nalo, linatajwa na mtu baada ya mtu huko mbele, na moyo ukawa unagonga, limekwisha, limekwisha, halitafika kwako. Nilishika sahani kwa mikono miwili. Watu walipungua. Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakifanya mlangoni pale miaka yote ile, mimi nikiomba ardhi ipasuke. Alikuwa na mlango wake, na neno lake, na hakuna mgeni aliyewahi kufika akaambiwa limekwisha. Nilimwonea aibu mtu huyo. Nilimwonea aibu mbele ya mchumba, mbele ya walimu, mpaka wiki iliyokuwa ya mwisho ya uhai wake, na sasa nilikuwa nimesimama kwenye mteremko wa nyumba yake, hayupo, nami aibu ile sina pa kuipeleka.

Rehema aliniegemea begani kutoka nyuma. Hakuwa amesahau hata chembe. Alininong'oneza kwa sauti ileile ya foleni, "Felista. Limebaki?"

Nilimtazama msichana mwenye mwiko. Alikuwa ananisubiri.

"Limebaki," nilimwambia Rehema, nikainua sahani.